Mwonjaji wa Kioo

Kila Ijumaa saa nne asubuhi, utumbo wa Marsela ulikula chakula cha mama yake, huku Marsela mwenyewe akiwa kilomita kumi mbali, juu ya mnara wa umeme wa upepo, akikaza nati.

Utumbo huo ulikaa ndani ya bomba la kioo lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, katika Kituo cha Lishe-Tiba kilichojengwa kati ya majabali ya Singida. Wataalamu waliuotesha kutokana na chembe chache za Marsela, wakauita utumbo-wakili. Ulisaga, ulinyonya, hata kunguruma ulinguruma, na wageni wa kituo hawakuacha kucheka. Kazi yake ilikuwa kuonja kabla ya mwenyewe. Chakula kikipatana nao, ulibaki na rangi ya waridi. Kikiuchokoza, ulivimba ukawa mwekundu, na kioo cha mezani kikaandika: KIMEKATALIWA.

Mhandisi Zakayo Ntandu ndiye aliyeulisha, na kwa miaka sita ndiye aliyempelekea mama yule neno lile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo ni mlenda na ugali wa uwele. Mafuta nimetia kijiko kimoja tu, kile cha chai."

Mama Marsela alikuwa mkamuaji wa alizeti, na mafuta yake yalisifiwa hadi Manyoni. Kisha Marsela, akiwa na miaka ishirini na minne, akaanza kuharisha damu hadi akabaki mifupa. Madaktari walieleza kwamba kinga ya mwili wake inaushambulia utumbo wake mwenyewe. Baada ya hapo wakageukia chungu cha mama yake. Asidi za mafuta, walisema, zina koo zake, ziitwazo omega. Ukoo wa sita, uliojaa katika alizeti, mwili huweza kuugeuza kuwa wajumbe wa kupiga yowe la hatari. Ukoo wa tatu, wa samaki na mbegu za kitani, huleta wajumbe wa kutuliza. Mwili unazihitaji koo zote mbili, ila kwa mgonjwa kama Marsela yowe likizidi, vidonda huenda vikafumuka. Maelezo yalikuwa marefu na yenye tahadhari nyingi. Mama alisikia maneno mawili tu: mafuta yako. Wiki ile ile aliifunika mashine yake ya kukamulia kwa turubai, na majirani, ambao hawakosi la kusema, wakasema.

Tangu hapo Marsela alikula pakiti za kituo, uji mzito wa kijivu uliopitishwa na utumbo-wakili mwaka ule wa kwanza. Akienda kwao alibeba pakiti yake, akala pembeni ya sinia, na mama yake akashindwa kumeza.

Zakayo aliusaga ugali na mlenda, akavimimina. Baada ya dakika ishirini utumbo ulikuwa mwekundu.

"Kimekataliwa, mama. Pole sana."

"Na chumvi je? Kidude chako kimesemaje kuhusu chumvi?"

"Hakijui chumvi, mama. Kinajua uvimbe tu."

"Chumvi ya chakula huijua mlaji," alisema mama, akafunga hotipoti yake. Aliuliza hivyo kila Ijumaa, na Zakayo, masikini, siku zote alidhani ni utani.

Ijumaa iliyofuata mama alileta mlenda usio na tone la mafuta. Mwekundu tena. Zakayo akakuna kichwa. Mama hakuondoka, aliliinamia bomba, akalitazama vile anavyotazamwa mtoto mwenye homa.

"Hiki kinaonja mara ngapi kwa siku?"

"Mara nne. Vyakula vipya, mafuta mapya, hata dawa tunazozijaribu."

"Kinapumzika lini?"

Zakayo aliitazama ratiba ya ukutani, iliyojaa kila siku.

"Mgonjwa hata asali huiona chungu, mwanangu. Hicho kinaumwa."

Mama alipokwisha kwenda, Zakayo alimimina uji wa pakiti, ule ule anaoula Marsela kila siku. Mwekundu. Akaosha bomba, akamimina maji matupu. Mwekundu. Akavuta kiti, akakaa. Kila kilichoweza kumdhuru Marsela kilikuwa kimepitia pale kwanza, na mwonjaji alikuwa amejaa vidonda visivyo vya Marsela. Nani aliyewahi kumpima mwonjaji? Na Marsela mwenyewe hakuwa amemeza kidonge-jicho, kile kinachopiga picha ndani ya tumbo, kwa miaka minne. Sababu ilikuwa kwenye faili: hakuna haja ya kumsumbua mgonjwa ilhali wakili wake yupo. Chini yake kulikuwa na saini ya Zakayo.

Jumatatu Marsela alimeza kidonge-jicho. Picha zilionyesha utumbo wa waridi uliotulia, wenye makovu ya zamani tu. Daktari alisema huenda umetulia kwa muda mrefu. Dawa ziendelee, vipimo virudi, na chakula cha nyumbani kijaribiwe kidogo kidogo.

Habari hiyo Zakayo hakuituma kwa simu. Alikwenda mwenyewe, akaketi uani karibu na lile turubai, akakiri yote bila kujitetea.

Mama Marsela aliligeukia turubai. "Kwa hiyo hayakuwa mafuta yangu?"

Hapa mtu angeweza kusema uongo mtamu. Zakayo hakusema. "Mwanzoni pengine yalichochea moto, mama. Lakini moto ulikwisha kuwaka. Siyo wewe uliyeuwasha. Na kwa miaka yote hii ya karibuni, kosa lilikuwa letu. Langu."

"Na kile kidude?"

"Tumekipumzisha."

"Vizuri. Kimeumia kwa ajili ya mwanangu."

Akainuka, akaingia jikoni. Marsela alipofika, bado na vumbi la mnarani, alikuta sinia moja ya ugali katikati ya mkeka, na mlenda uliotiwa kijiko kimoja cha alizeti. Kwao mpishi huonja kwanza mbele ya wanaokula, ili wajue hakuna baya. Kazi hiyo mama alikuwa amenyang'anywa na kioo. Alimega tonge, akachovya, akala. Kisha akalisogeza sinia.

Marsela alinawa. Miaka sita ya hofu haiondoki kwa picha moja. Alimega tonge dogo, akachovya, akameza, akatulia.

"Mama."

"Abee, mwanangu."

"Chumvi imezidi."

Mama Marsela alijifunika uso kwa kanga, akalia bila kujizuia, na Marsela akabaki ameduwaa na mkono wenye mlenda, hajui kama ameudhi. Mama alipopata sauti, alijifuta macho, akamsogelea.

"Haya niambie," alisema. "Imezidi kiasi gani?"