Mbuzi Wanne wa Bibi Epifania

Mwaka ule wa 2014 kila mtu nyumbani kwetu alikuwa amechoka. Mama alichoka na jembe, Baba alichoka na baiskeli, na mimi nilichoka na maji. Niliamka alfajiri, nikateremka bondeni na ndoo, nikapanda nayo kichwani, kisha nikawafungua mbuzi wetu wanne na kwenda kuwafunga penye majani. Ndipo nilipokimbilia shuleni. Mwalimu alipokuwa anaandika tarehe ubaoni, mimi nilikuwa tayari nasinzia.

Kijiji chetu kipo kata ya Kumsenga, wilayani Kibondo. Baba yangu, Pasikali, hubeba muhogo kwa baiskeli kwenda kuuza mjini. Kusema hubebwa na baiskeli itakuwa uongo, maana milima ya kwetu huwezi kuipanda umekaa na magunia mawili nyuma. Baba huisukuma. Jioni alikuwa akirudi, anaiegemeza ukutani, halafu anabaki ameinama hivyo hivyo kwa muda, anasubiri mgongo umruhusu kunyooka.

Mwezi wa tisa zilikuja habari za mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kaya itakayochaguliwa itapewa fedha kila baada ya miezi miwili, kwa sharti kwamba watoto waende shule na wachanga wapelekwe kliniki. Tuliambiwa nafasi hazitoshi kijiji kizima. Katika mkutano wa kwanza watu walitaja majina ya kaya walizoona zina shida zaidi. Bibi Epifania, jirani yetu, alitajwa, na hakuna aliyebisha. Baba naye alitajwa; aliyemtaja ni rafiki yake wa kilabuni.

Baada ya hapo maofisa wangepita nyumba kwa nyumba kuhakikisha. Siku waliyotarajiwa, Jumanne, Baba aliniita kabla sijatoka.

"Kezia, leo mbuzi usiwafunge bondeni. Wapeleke kwa Bibi Epifania. Mwambie namwomba akae nao siku chache. Watu wakiuliza, asitaje jina langu."

"Kwa nini, Baba?"

"Wale wa wilayani wakiona mbuzi, watasema tuna uwezo." Alijishika kiuno. "Wewe unaona tuna uwezo?"

Nilimtazama alivyoinama, nikasema hapana. Kwa kweli sikuona.

Kwetu Waha jambo hilo si geni. Tunaliita kuragiza: unampa jirani mnyama wako amlishe, yeye anapata samadi ya shamba, na mnyama akizaa mara kadhaa anapewa mtoto mmoja. Hakuna karatasi. Kuna kuaminiana tu, na adabu moja kubwa: aliyekabidhiwa mnyama hamwaibishi mwenye mnyama mbele za watu. Hata akiulizwa na nani, hutunza siri.

Bibi Epifania aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, pamoja na mjukuu wake Irakoze. Bibi alikuwa mjane, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tangu masika. Irakoze alikaa dawati moja na mimi hadi darasa la tano. Halafu sare yake ikachanika mgongoni, daftari zikaisha, na mtu wa kulima vibarua akakosekana nyumbani. Akaacha kuja shule bila kuaga. Nafasi yake kwenye dawati niliiwekea mfuko wangu, ili mtu mwingine asikae.

Nilimpa Bibi maneno ya Baba. Hakuuliza lolote. "Wafunge hapo nyuma, mjukuu wangu. Mwambie baba yako asiwe na wasiwasi."

Nikawafunga mbuzi kwa mkono wangu mwenyewe, mafundo mawili mawili, kisha nikaenda shule.

Alhamisi nilimkuta Irakoze kisimani. Alikuwa amekaa juu ya dumu lake.

"Yule dada wa wilayani, Asia, alifika kwetu," alisema. "Akaenda nyuma ya nyumba. Akamuuliza Bibi, 'Mbuzi hawa ni wa nani?' Bibi akamjibu, 'Wapo hapa kwangu.' Dada akaandika: mbuzi wanne."

"Hukumwambia ni wetu?"

"Bibi aliniangalia. Ungemwambia wewe, kwa macho yale?" Akapiga miayo. "Jana wamesema tumeondolewa. Eti kuna wenye shida kutuzidi. Na mimi nilikuwa nimeshaifua ile sare, Kezia. Nilikuwa naitafutia kiraka."

Ndoo nilijitwisha, lakini sikumbuki nilipandaje mlima. Usiku ule ugali wa muhogo ulinishinda kumeza. Baba aliponiuliza, nilimweleza yote.

"Watajua wenyewe," akasema. "Hela ya serikali haina mwenyewe, Kezia. Anayebahatika, kabahatika. Na mimi nimechoka. Usiniletee maneno."

Mama alichukua sahani yangu. Alimtazama Baba, akaingia ndani.

Mkutano wa pili ulifanyika Jumamosi nje ya ofisi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji alisoma majina ya waliopita. Aliposoma "Pasikali", Baba aliinamia viatu vyake. Kisha Asia, dada mrefu mwenye ushungi wa bluu, akasimama kueleza walioondolewa na sababu zao.

"Epifania. Ana mbuzi wanne."

Watu waliguna. Kijana mmoja akapaza sauti, "Kumbe Bibi tajiri! Tutakuja kuposa!" Wengine wakacheka. Bibi Epifania alikuwa ameketi chini, amenyoosha ule mguu mbaya. Alivuta kitenge akaufunika. Irakoze, aliyekaa pembeni yake, alikuwa analia bila sauti.

"Kuna mwenye la kusema juu ya jina hili?" aliuliza Asia.

Nilimtazama Baba. Nilimpa muda. Nilihesabu moyoni mpaka kumi, nikarudia tena. Baba hakuinua kichwa.

Basi nikanyoosha mkono kama darasani. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mtoto, huu ni mkutano wa watu wazima," Mtendaji alisema.

"Mwache aseme," alijibu Asia.

"Mbuzi wale si wa Bibi," nilisema. "Ni wetu. Mimi ndiye niliyewapeleka kwake Jumanne. Hata kamba nilifunga mimi."

Yule kijana wa kuposa alikosa utani. Nilijua nimemwaibisha baba yangu mbele ya kijiji kizima, na nilitamani ardhi inimeze.

Baba alisimama polepole, mkono kiunoni.

"Mtoto hajadanganya," alisema. "Ila amejibebesha mzigo usio wake. Yeye alitumwa, aliyemtuma ni mimi. Na mama huyu alinyamaza kwa sababu ya heshima yake, si kwa sababu mbuzi ni wake. Futeni jina langu. Jina lake mlirudishe."

Wapo walionong'ona, wapo waliomsonya. Asia hakufoka. Alimwita Bibi, akamuuliza upya maswali yote mbele ya watu, akalirudisha jina lake, na la Baba akalifuta. Alipomaliza akamwambia Baba, "Mzee wangu, mimi naandika ninachokiona. Ukinificha ya kwako, jua nitakosea kwa mwingine." Kisha akaendelea na jina lililofuata.

Tulitoka pale moja kwa moja hadi kwa Bibi Epifania kuwachukua mbuzi. Baba alipiga magoti mbele yake, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya nje ya kanisa.

"Nimekukosea, mama. Chagua mbuzi mmoja, awe wako."

"Mbuzi!" Bibi aliruka utadhani mguu umepona. "Ondoa mbuzi wako hapa, Pasikali! Wamekula majani ya maboga yangu yote, na bado kidogo wanile na mimi. Sitaki hata mkia."

Irakoze aliangua kicheko, na Baba naye akacheka akiwa bado amepiga magoti.

"Ukitaka kunisaidia," Bibi alisema, sasa kwa upole, "huyu mtoto akirudi shule, maji yangu atateka nani?"

"Mimi," nilisema, kabla Baba hajajibu.

"Tutagawana," Baba alisema. "Ya asubuhi wewe, ya jioni mimi."

Tulirudi nyumbani na mbuzi kwa njia kuu, mchana kweupe, tukipishana na watu waliotoka mkutanoni. Kila aliyetusalimu aliwatazama mbuzi kwanza. Baba aliwaitikia wote. Nilikuwa nasubiri kugombezwa, lakini alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Nilikwambia hela ile haina mwenyewe. Kumbe ilikuwa na mwenyewe, anaishi nyumba ya tatu, na sare ameshaifua. Mwanangu, kuchoka si kosa. Sote tumechoka. Lakini msaada wa wote una mahali pake, na kila mtu ana kazi ya kusema ukweli kuhusu nyumba yake mwenyewe, ili ufike huko. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Umeifanya wewe, na mimi nakuomba radhi."

Fedha za kwanza zilichelewa kuja, lakini Irakoze hakusubiri. Jumatatu iliyofuata alitokea mlangoni mwa darasa, kiraka cha kitenge mgongoni. Niliondoa mfuko wangu kwenye dawati. Alikaa, akalaza kichwa mezani, na mwalimu alipoanza kuandika tarehe sote wawili tulikuwa tunasinzia.