Pazia la Robo

Rafiki yangu mmoja, fundi mapazia, aliitwa melini kufunga pazia jipya la kukinga jua kwenye dirisha la usukani. Hapo ndipo alipokuwa akisimama mdogo wake, marehemu Robo, akishika usukani. Kwa ufupi wake, kila zamu alishusha pazia hadi usawa wa macho yake, wenzake wakalalamika: "Bwana wee, sisi tutaona nini?"

Fundi alimaliza, akalipandisha pazia juu kabisa, akageuka kukusanya vifaa. Krrr. Chumba kikaingia giza. Pazia lilikuwa limeshuka hadi kifuani kwake. Akalipandisha, akakaza skrubu. Krrr. Likasimama palepale.

"Pumzika, mdogo wangu," akasema.

Akavuta kamba ya pazia tena. Haikusogea. Ilikuwa imeshikwa kwa chini, pale mkono wa mtu mfupi unapofikia.