Gesare na Ratiba ya Bustani

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, Gesare Mokua alipitia nyuma ya madarasa kumwagilia miche ya chama cha mazingira. Kazi hiyo aliianza akiwa Gredi ya Tatu. Sasa alikuwa Gredi ya Sita, na hakuwahi kuikosa ila siku alizougua. Shule yao iko Marani, kwenye mteremko ulio chini ya soko, na kila mgeni aliyefika hakuondoka bila kusifu kitalu kile. Kwa hiyo Mwalimu Omosa, mlezi wa chama, alipotangaza kwamba watatembelea bustani kubwa ya mimea karibu na Kisumu kwa mara ya kwanza, Gesare hakuwa na shaka ni nani angepewa kazi ya kuandaa ratiba ya safari.

Mwalimu akampa Joyline.

Joyline alikuwa na muhula mmoja tu pale shuleni. Familia yake ilikuwa imehamia Marani kutoka mjini Kisii. Alikuwa na mwandiko wa kupendeza, na jioni mama yake alimwachia simu atafute habari za masomo.

"Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika huko," Mwalimu Omosa alieleza. "Tunahitaji mtu wa kututafutia habari."

Gesare alipiga makofi pamoja na wenzake, lakini moyoni wivu ulimkaba. Ungemuuliza siku hiyo, angekwambia hana neno na mtu. Ila mchana wali na maharagwe vilimshinda, naye kwa kawaida haachi hata punje.

Wiki nzima ikawa Joyline huku, Joyline kule. Wanachama walimzunguka kutazama ramani aliyoichora: hapa lango, hapa mitende, kule mwisho bwawa la mayungiyungi. Gesare alikaa kando akisugua mkebe wa kunyunyizia maji, ingawa ulikuwa safi tangu jana. Alijiambia kwamba miaka yote mitatu ya kuchota maji haikuonekana na mtu.

Alhamisi Joyline alimfuata kitaluni na karatasi mkononi.

"Gesare, hebu nisomee kabla sijampa Mwalimu. Wewe ndiye unayejua mambo ya chama."

Ratiba ilikuwa nzuri mpaka ikamuudhi. Safari ingekuwa Ijumaa. Wangeondoka shuleni saa mbili asubuhi na kufika bustanini saa nne. Wangetoka huko saa kumi na kurudi shuleni saa kumi na mbili jioni, kabla jua halijatua. Joyline alikuwa Mkatoliki, lakini alijua, kama kila mtu wa Marani ajuavyo, kwamba kwa Waadventista, ambao ndio wengi pale, Sabato huingia Ijumaa jua likitua. Saa hiyo watoto wao huwa wameoga, chakula kimepikwa na kazi zote zimewekwa kando.

Gesare aliliona kosa mara moja. Baba yake ni dereva wa lori la ndizi, na wakati wa likizo yeye hupanda naye hadi Kisumu. Alijua kurudi jioni ya Ijumaa kulivyo: malori yamejipanga kando ya barabara yakipakia, na mabasi yaliyojaa yanapanda mlima taratibu.

"Umejuaje kwamba ni mwendo wa saa mbili?" aliuliza.

"Simu imesema hivyo. Kwani kuna kosa?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Lakini akilini alimwona Joyline akiumbuliwa kwenye mkutano wa wazazi, na ratiba ikirudishwa kwa mwenyewe, yaani yeye Gesare. Wazo hilo lilikuwa tamu.

"Sioni kosa," akasema, akamrudishia karatasi.

Jumanne alasiri wazazi walikutana shuleni. Mwalimu Omosa aliwaambia kwanza kwamba bustani ilitaka jibu siku hiyohiyo. Wasipothibitisha, nafasi yao ingepewa shule nyingine, na wao wangengoja hadi mwaka ujao. Gesare alishtuka. Mwaka ujao Gredi ya Sita wangekuwa wameingia sekondari ya msingi, na safari ingekuwa ya wengine. Hilo hakuwa amelifikiria.

Joyline alisoma ratiba kwa sauti. Obadiah, mzee wa kanisa, akauliza kama kweli wangefika saa kumi na mbili. Hapo baba yake Gesare akasimama.

"Binti, umeandika vizuri sana," alimwambia Joyline kwa upole. "Lakini ukitoka huko saa kumi siku ya Ijumaa, hapa utafika saa moja na nusu usiku, na hapo mvua haijanyesha. Hata Gesare wangu anaijua barabara hiyo. Nashangaa hakukwambia."

Gesare alitazama chini. Minong'ono ilizagaa.

"Basi watoto wangu hawaendi," mama mmoja alisema, na wengine wakamuunga mkono. Mwalimu Omosa alifunga daftari lake.

Joyline alikuwa karibu kulia, lakini hakumtaja mtu. "Ni kosa langu," alisema. "Saa mbili za mwisho niliziongeza kwa sababu ya bwawa la mayungiyungi. Insha ya Gesare iko ukutani darasani. Ameandika kwamba bwawa kama hilo ndilo analotamani kuliona kuliko vitu vyote. Tunaweza kuliondoa."

Gesare aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake. Alisimama.

"Baba, Joyline aliniuliza," alisema. "Nilijua, nikamwambia sioni kosa. Nilimwonea wivu."

Baba yake hakuondoa macho kwake, naye Gesare akaendelea kabla ujasiri haujamwisha.

"Tukiondoka saa kumi na mbili asubuhi tutafika saa tatu. Tubebe chakula kutoka nyumbani. Tukitoka huko saa nane, saa kumi na moja tutakuwa hapa."

Joyline aligeuza karatasi, akapiga hesabu upande wa nyuma. "Saa tano zinatosha," alisema. "Hata bwawa litabaki."

Baba yake Gesare alikubali kwa kichwa. Mzee Obadiah akasema wanaokaa mbali atawaleta yeye mwenyewe alfajiri. Wazazi wakainua mikono mmoja baada ya mwingine, na Mwalimu Omosa akatoka nje kupiga simu bustanini.

Mlangoni Gesare alimngoja Joyline. "Nisamehe," alisema.

"Ungeniambia tu," Joyline alijibu bila kumtazama. "Ningekupa kalamu tuandike wote." Akaenda zake.

Njiani kurudi nyumbani, walipolipita soko, baba yake alipunguza mwendo.

"Umesema ukweli mbele ya watu, na hilo nimelipenda," alisema. "Lakini ulitaka mwenzako akwame. Basi la Joyline lingekwama, wewe ungekwenda na basi gani?"

Akasimama, akamgeukia.

"Mtu akikuuliza jambo unalolijua, mwambie, hata kama sifa zitakuwa zake. Safari ilikuwa moja, Gesare. Ulipoiharibu yake, uliiharibu yako."

"Ndiyo, Baba," alisema, na machozi aliyoyazuia tangu mkutanoni yakamtoka.