Koroboi ya Mzee Chengo

Kila asubuhi, mama yao Nereah alipokwisha kuondoka kwenda kutandika vitanda vya wageni katika hoteli moja ya ufukweni Galu, Joan alifungua redio akasikiliza habari huku akimchana nywele mdogo wake, Immaculate. Imma alikuwa na miaka tisa, na neno la dada yake kwake lilikuwa sheria. Julai hiyo ya mwaka 1997, redio ilizungumzia sana kijigari kisicho na dereva kilichokuwa kikitambaa kwenye sayari ya Mirihi. Shuleni kwao, Mwalimu Japheth akaifanya habari hiyo kuwa mada ya mdahalo wa Ijumaa: je, ni heri kupeleka mtu angani au kupeleka mashine?

Joan, wa darasa la saba, alisimama upande wa mtu. Alijua kusema, na alijua kwamba anajua.

"Mashine ikikwama kwenye jiwe, imekwama," alisema. "Mtu ataliinua lile jiwe, ataligeuza, atajiuliza limetoka wapi. Shujaa huenda mwenyewe. Hatumi bati!"

Makofi yalipotulia, alisimama Kahaso, msichana mpole ambaye babake, Mzee Chengo, alikuwa mchimba visima.

"Baba hashuki kisimani kabla ya kuteremsha koroboi iliyowashwa kwa kamba," alisema kwa sauti ndogo. "Ikizimika, anajua hewa ya chini ni mbaya, naye hashuki. Hiyo mashine ni koroboi. Nayo itangulie, kisha mtu afuate."

Joan aliangua kicheko. "Jamani! Watu wako Mirihi, Kahaso anatuletea mafuta ya taa! Babako ni mwoga tu. Ndiyo maana mpaka leo huna viatu."

Darasa zima lilicheka. Hata Mwalimu Japheth alitabasamu, na jambo hilo lilikuja kumuuma baadaye. Joan alishinda kwa kura nyingi, na tangu siku hiyo Kahaso hakuwa na jina jingine shuleni ila Koroboi.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, wasichana wadogo, Imma akiwa mmoja wao, walikuwa wakicheza rede nyuma ya madarasa. Mpira wao wa matambara ulipita kwenye tundu la bati lililofunika kisima kikavu cha zamani, ukatumbukia ndani ya kisima hicho, ambacho kila mtoto alikatazwa kukikaribia. Kahaso, aliyekuwa karibu, alisema wamwachie babake aje autoe mchana.

"Ateremshe koroboi kwanza, siyo?" alisema Joan, aliyekuwa akipita na wenzake, akawakonyeza. "Imma, wewe mwepesi. Nenda ukamwonyeshe Koroboi shujaa ni nani!"

Imma alitabasamu kwa fahari. Alisukuma bati kando, akashika vidato vilivyochongwa kwenye ukuta wa kisima, akashuka upesi. Alipofika karibu na chini, alisema, "Dada, kichwa..." Kisha walisikia kishindo.

Joan alipiga ukelele akataka kushuka. Kahaso alimkamata kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua anazo.

"Ukishuka tutakuwa na maiti wawili!" alisema. "Mshikeni huyu!" Kisha akakimbia kumwita babake.

Mzee Chengo alifika akihema. Aliwasha koroboi, akaiteremsha. Ikazimika.

"Shuka, baba! Unangoja nini?" Joan alilia, akimrushia mchanga. "Mwoga wewe!"

 Mzee alifunga matawi ya mwarobaini kwenye kamba, akawa anayashusha na kuyapandisha kwa nguvu ili hewa safi iingie. Akateremsha koroboi tena. Ikazimika. Joan alilazimika kuitazama ile taa ndogo aliyoicheka, na kuiomba kwa moyo wake wote iwake. Mara ya tatu ilifika chini ikiwaka. Hapo Mzee Chengo alijifunga kamba kiunoni, akashuka mwenyewe.

Imma alikuwa hai. Alilazwa hospitalini wiki tatu. Kisima kilifukiwa, na Mwalimu Japheth alimwomba Kahaso msamaha mbele ya shule nzima. Jina la Koroboi halikusikika tena.

Nereah alimpeleka Joan nyumbani kwa Mzee Chengo. Joan alipiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nilikuita mwoga. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka, mwanangu," alisema mzee. "Siku ile ya mdahalo hukukosea yote. Koroboi haikuweza kumbeba mdogo wako. Hapo alihitajika mtu. Lakini koroboi ikizimika, mimi huiwasha tena kwa kijiti kimoja cha kibiriti. Mtu akizimika utamwasha kwa kitu gani? Basi, ukitaka kutafuta sifa za ushujaa, zitafute kwa roho yako, usizitafute kwa roho ya mwenzako."



Mpaka leo Joan anamchana Imma nywele kila asubuhi. Redio haifunguliwi, maana kelele humchosha Imma. Anazungumza polepole sasa, na mambo mengi yanampotea. Swali lake la kila siku ni moja.

"Dada, mpira wetu ulitoka?"

"Ulitoka, Imma," Joan humjibu, na kuendelea kuchana.