Ukuta wa Mahameni

Biubwa, shoga yake bibi yangu, alijenga Bagamoyo kwenye mahame, na haya yalimfika mwenyewe. Mafundi walisimamisha fito, wakaezeka makuti, wakakandika udongo. Ilipofika zamu ya chumba cha nyuma wakagoma.

"Waliokaa hapa walihama wakaacha vyungu mekoni," alisema fundi Mtoro.

"Mimi sihami kwa ajili ya vyungu," Biubwa alijibu. "Nitakandika mwenyewe."

Ukuta wa udongo hukandikwa na watu wawili, mmoja nje na mmoja ndani. Biubwa alikuwa peke yake, na kila donge alilobandika lilipenya kwenye fito likaangukia ndani, pu. Alisonya, akabandika jingine.

Baada ya adhuhuri madonge yakaacha kuanguka. Kila alipopiga kofi nje, kofi liliitika ndani.

"Haya, usinicheleweshe," alisema, na hakuacha mpaka ukuta ukaisha.

Kisha akachukua taa, akaingia gizani.

"Nyumba hii yangu," alisema kwa sauti. "Asiyetaka atoke yeye."

Ukuta ulikuwa umekandikwa sawasawa hadi paani. Ulijaa alama za viganja, na tangu juu hadi chini, vidole vyote vilielekea sakafuni.