Feni za Msusi

Mnada wa vifaa chakavu ulifurika watu, na msusi alifuata kitu kimoja tu: feni za kukaushia nywele za wateja. Gauni lake la njano lilikuwa limeshaguswa na grisi pembeni, lakini hakujali, maana alikuwa ameliona sanduku refu la chuma lenye feni sita nyuma. Kila akipandisha bei, sauti ya mwanamume nyuma yake inapandisha pia. Mwishowe sauti ikasalimu amri.

"Samahani, dada," ikamfuata mpaka mlangoni. Mwenyewe ni kijana mrefu, shati limenyooka, fundi wa kompyuta. "Hiyo seva, kompyuta ya kuhudumia kompyuta na simu nyingine, unakwenda kuifanyia nini?"

"Natoa feni. Mabaki natupa."

"Utaichinja hivi hivi?"

"Kwani ni nzima?"

"Nzima, ila walioitengeneza wameshaisahau. Lakini upo mfumo huria wa kuiendesha, wa bure. Yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyoundwa ndani. Huo hauibagui mashine kwa uzee wake."

"Na nani kauunda?"

"Watu. Wengi hata hawajuani."

"Wanalipwa?"

"Wengine hawapati hata senti. Wanapenda tu kujua mambo."

Hapo fundi akawa amemkamata. Msusi huyu tangu utotoni alikuwa mtu wa kufungua saa za watu ili aone kinachogonga ndani.

"Basi njoo uniwashie," akasema. "Ikishindikana, nang'oa feni zangu."

Fundi akaja saluni na skrini na kibodi za kuazima kazini kwake. Msusi akakaa naye kwenye kigoda, kitana kichwani, maswali hayaishi.

"Mbona inaandika mbio hivyo?"

"Inajikagua viungo. Na wewe uache kunipumulia shingoni, nakosea."

"Kosea tu, mradi usiondoke."

Mashine ikaamka. Picha za mitindo yote aliyowahi kusuka zikaingia humo, na mteja akikaa kwenye benchi anazitazama kwa simu yake bila kununua bando. Fundi akarudisha skrini na kibodi za watu, seva ikabaki yenyewe chini ya meza, ikiunguruma. Kila asubuhi, akiwa kazini kwake, aliingia humo kwa mtandao na kuacha mstari juu ya picha: "Umeamkaje, msusi wangu?" Wateja wanausoma kabla yake, wanamtania mpaka anaficha uso kwa taulo. Msusi alishampenda, hana ujanja. Kwenye simu ndiko anakojidai: "Ukiniudhi, feni zangu natoa."

Jioni moja Fundi akapiga. "Nimepata kazi mji mwingine. Kabla sijawajibu, kesho asubuhi nitakuandikia swali pale juu."

"Si uniulize sasa?"

"Sauti itanitoka vibaya, mpenzi. Kesho."

Usiku umeme ukakatika, ukarudi. Asubuhi msusi akafungua saluni kavaa lile gauni la njano. Feni zinaunguruma kama kawaida. Kwenye simu hakuna swali, na picha zenyewe hazipo. Kaniacha, akajisemea, na picha zangu kafuta. Ilimuuma, jamani. Akamsuka mteja wa kwanza kwa hasira mpaka yule mama akalalamika: "Mwanangu, hiyo ni ngozi."

Wiki ikakaribia kwisha ndipo simu ikaita.

"Kesho nawapa jibu wale watu," Fundi akasema kwa sauti ya baridi. "Nimeona nikuage. Najua feni umeshatoa."

"Nani kakwambia?"

"Nilitaka kuingia niandike swali, mashine haikuitika. Nikajua ndilo jibu lako."

Msusi akainama, akaisogeza simu chini ya meza. "Unasikia nini?"

"Feni," Fundi akasema taratibu. "Zote?"

"Zote sita. Umeme uliporudi usiku ule, na zenyewe zikarudi."

"Usiguse kitu. Nakuja."

Alifika na skrini kwapani, kibodi mkononi, vifungo vya shati vimepishana. Akachomeka skrini kwanza. Mashine ilikuwa imeandika kwamba haioni kibodi, na inaomba mtu abonyeze kitufe cha kibodi ili iendelee.

"Haina kibodi, halafu inataka kubonyezwa kibodi?" Msusi akacheka mpaka machozi.

"Kosa langu. Nilipoichomoa kibodi, sikuiambia mashine isiitafute tena ikijiwasha. Muda wote huo imekaa inasubiri mtu."

"Kama sisi tu, wajinga wawili."

Fundi akachomeka kibodi. "Bonyeza wewe."

Akabonyeza. Mistari ikakimbia kwenye skrini, picha zikarudi. Fundi akavuta kigoda, akaandika bila kumtazama, masikio yamemwiva. Kwenye benchi wateja wakashika simu zao. Yule mama wa siku ile, leo kasukwa nusu kichwa, ndiye aliyewahi kusoma.

"Anauliza kama utakubali akuoe. Haya mwanangu, jibu, nisije nikarudi nyumbani na nusu kichwa."

Msusi akaivuta kibodi. Hakuwa mwepesi, alitafuta herufi mojamoja, na Fundi akakifuata kila kidole kwa macho. Wakasoma wote: "Kibodi hii haitoki tena hapa. Wala wewe huendi huo mji."

"Lakini ni ya kuazima," Fundi akasema, na kweli sauti ikamtoka vibaya.

"Kawanunulie nyingine," akajibu, akimfungua shati kifungo cha juu ili akifunge sawasawa. "Halafu urudi nyumbani."