Nafasi ya Kwanza kwa Karafuu za Kilburn

Kila masomo yalipokwisha, Miska na Ghalia walipanda basi moja, wakashuka kituo kimoja katika barabara kuu ya Kilburn na kuingia jengo moja. Kina Miska walikaa ghorofa ya pili, kina Ghalia ya nne. Mama zao wote wawili walitoka Pemba. Kule hawakujuana, lakini huku London walikuwa wameshakuwa ndugu. Mama yake Miska, Bi Mardhiya, alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na siku akichelewa, Miska alikula kwa Mama Ghalia na kufanya hesabu zake huko huko. Hakuna aliyeona ajabu.

Shuleni kwao palikuwa na chama cha kompyuta kilichokutana Jumanne na Ijumaa. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Hemant, mfundisha hesabu, mzaliwa wa Kisumu, ambaye Kiswahili chake hakikupotea hata baada ya miaka mingi ya kuishi Neasden. Chama hicho kiliendesha ligi ya besiboli isiyochezwa uwanjani hata siku moja. Kila mtoto alikuwa na timu yake ndani ya kompyuta, wachezaji wote wa kubuni, kila mmoja na takwimu zake. Kompyuta ndiyo iliyochezesha mechi. Kazi ya mtoto ilikuwa umeneja: kuchagua nani acheze, nani akae benchi, na kubadilishana wachezaji na mameneja wenzake.

"Kwa nini besiboli, Mwalimu?" wanachama wapya waliuliza kila mwaka. "Kwa nini si mpira wa miguu?"

"Mpira wa miguu kila mtu hapa ni profesa," alijibu. "Besiboli hamuijui hata mmoja. Mtaanza sawa, na mtaendelea kwa kusoma namba."

Kabla ya msimu kuanza, Mwalimu Hemant alimteua mtoto mmoja kuzipanga timu zote, kuanzia inayotazamiwa kushinda hadi inayotazamiwa kushika mkia, na kueleza sababu. Timu ya mpangaji mwenyewe iliachwa nje ili asijipendelee. Mpangilio ulibandikwa ubaoni Jumanne, na mameneja walikuwa na ruhusa ya kubadilishana wachezaji hadi kengele ya Ijumaa. Baada ya hapo mlango ulifungwa kwa msimu mzima. Kwa hiyo mpangilio ule haukuwa mchezo wa kutafuta sifa. Ulimwonyesha kila meneja paa lake linavuja wapi, apate kuliziba kabla ya mvua.

Mwaka huu aliteuliwa Miska. Alifurahi mpaka akawa hashikiki. Siku nzima ya Jumapili alisoma takwimu, akalinganisha, akafuta, akaandika tena. Zilikuwa timu saba za kupanga, na timu ya Ghalia, iliyoitwa Karafuu za Kilburn, ilimpa taabu. Wapigaji wake walikuwa hatari, gongo likigusa mpira umekwenda. Lakini besiboli ina upande wa pili. Kuna mrushaji, anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani na kujitahidi kumkosesha. Warushaji wa Ghalia hawakumkosesha mtu. Wazee watupu, mikono imechoka. Miska aliandika jina la Karafuu katika nafasi ya sita.

Wino haujakauka, mlango ukagongwa. Alikuwa Ghalia, na mkononi sahani ya mkate wa kumimina, bado wa moto.

"Mama anasema mle ungali moto," alisema. Kisha akachungulia mezani. "Umeshanipanga?"

"Bado," Miska alisema, akaifunika karatasi kwa kiwiko.

"Usinitie mkiani tu, bibi wee," Ghalia alisema huku akicheka, akapanda ngazi kurudi kwao.

Miska alibaki ameikodolea macho ile sahani. Ramadhani iliyopita, mama yake alipoumwa mgongo hata kuinama hawezi, sahani za Mama Ghalia ziliteremka kila magharibi: tambi, mbaazi, vitumbua. Na Bi Mardhiya alikuwa na neno moja asilochoka kulisema: sahani ya watu hairudi tupu. Ukiletewa kitu, siku ya kurudisha chombo unatia chochote, hata kama ni maembe mawili ya dukani. Sasa yeye Miska alikuwa na nini cha kutia? Alikuwa na nafasi ya kwanza. Tena Ghalia alikuwa hajatimiza miaka miwili London, baba yake bado yuko Pemba, na darasani watoto wengine walikuwa wakiiga matamshi yake. Nani aliwahi kumsifu hapa? Miska akachukua karatasi nyingine. Akaandika: Ya kwanza, Karafuu za Kilburn, kwa sababu wapigaji wake hawana mfano. Habari za warushaji akazimeza.

Jumanne karatasi ilibandikwa. Ghalia aliisoma, akarudia kuisoma, akaweka mkono kifuani. "Mimi?" alisema. "Wa kwanza mimi?" Siku hiyo alitembea kwenye ukumbi wa shule kichwa juu, na Miska alipomwona hivyo alijisikia mtu mwema kuliko wote London.

Wema huo haukufika hata jioni. Wa kwanza kuuharibu alikuwa Ryan, mtoto wa muuguzi Mkenya, meneja wa timu iliyopangwa ya pili.

"Miska, hebu niambie ukweli," alisema wakiwa wanavaa makoti. "Uliwaangalia warushaji wa huyu kweli? Ama ni urafiki?"

"Una wivu," Miska alimjibu kwa ukali.

Ryan alicheka tu. Hakuwa mtoto wa kinyongo. Tena alikuwa na shida yake: warushaji alikuwa nao tele, wapigaji hana. Kesho yake wakati wa chakula alimfuata Ghalia mezani na kumtaka wabadilishane. Angempa mrushaji wake bora, kijana mwenye mkono wa chuma, naye achukue mpigaji mmoja wa Karafuu.

Ghalia alimtazama kama mtu anayeuziwa nyumba yake mwenyewe. "Timu ya kwanza haibomolewi, Ryan. Muulize Miska."

Wote wawili wakamgeukia Miska. Hapo ndipo ilipompasa kusema ukweli. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka kikawa, "Shauri lake mwenyewe." Kisha akainuka na trei yake, chakula nusu, akidai ameshiba.

Tangu saa ile hakutulia. Darasani mguu ulimchezacheza chini ya meza mpaka jirani yake akamwomba auache. Nyumbani alifungua friji akaifunga, akaifungua tena, hakujua anataka nini. Alijaribu kujituliza kwamba huenda kompyuta ikakosea, kwamba huenda wale wazee wakaamka. Lakini namba alizisoma mwenyewe, tena si mara moja, na namba hazikuwa na huruma ya kubahatisha.

Alhamisi alikuwa kwa kina Ghalia simu ilipoita kutoka Pemba. Ghalia aliitoa sauti nje ili wote wasikie.

"Haya, mshindi wangu," sauti ya baba yake ilisema. "Nimewaambia watu wote hapa Wete. Mwanangu kaenda London juzi tu, keshawapita. Nani kakupanga wa kwanza?"

"Miska, baba. Yuko hapa."

"Miska mwanangu, Mungu akuzidishie. Umenifurahisha sana."

Miska alisema ahsante. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaaga akiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akateremka ngazi mbio.

Bi Mardhiya alikuwa anakuna nazi. Alimtazama mwanawe akizunguka jikoni, mara akae, mara asimame, mara ashike kikombe na kukirudisha.

"Miska, una nini? Wiki nzima hukai kitako. Umevunja kitu cha watu?"

"Sijavunja."

"Basi kaa useme."

Miska akakaa, akasema yote, tangu warushaji wazee mpaka simu ya Wete. Alipofika kwenye mkate wa kumimina, mama alianza kucheka. Kisha kicheko kikamkatika.

"Kwa hiyo ulikuwa unarudisha sahani?"

"Wewe si ndiye unayesema hairudi tupu, mama?"

"Mimi ndiye. Lakini sahani ya jirani hujazwa kwa kilichomo chunguni mwako, mwanangu. Nafasi ya kwanza ilikuwa yako? Si ya huyo Ryan, uliyemchotea cha kwake ukakigawa? Na huyo Ghalia umempa nini? Chakula kilichochacha ukakinyunyizia sukari. Leo anakusifu. Kesho tumbo litakapomkata, atajua kimetoka kwa nani."

Miska alianza kulia. Mama hakumbembeleza. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema, ingawa sauti yake ilikuwa imelegea. "Mlango wenu unafungwa lini?"

"Kesho, kengele ikilia."

"Basi kesho bado haijafika. Nenda kamwambie mwenyewe, asije akaambiwa na kushindwa."

Asubuhi ya Ijumaa, ndani ya basi, Miska alimwambia. Hakuzunguka. Alisema Karafuu haikuwa ya kwanza, alikuwa ameiweka ya sita, akabadilisha baada ya kuletewa mkate. Aliwataja na warushaji, mmoja mmoja, na ubovu wa kila mmoja.

Ghalia aligeukia dirisha. Basi lilisimama, watu wakashuka, wengine wakapanda.

"Kumbe ulinionea huruma," alisema mwishoni.

"Nilitaka ufurahi."

"Nimempigia baba. Nimemkataa Ryan mbele ya watu. Wewe ulikuwepo, Miska. Ulikuwa umekaa pale pale, unanitazama." Machozi yalimlenga, akayafuta kwa ukali. "Wale wanaoniiga, angalau najua wananicheka."

Neno hilo lilimchoma Miska kuliko kofi. Walishuka, na Ghalia akatangulia mbele peke yake.

Baada ya masomo chama kilipokutana, Miska alimwendea Mwalimu Hemant kabla ya wengine kukaa, akaomba ruhusa ya kusema. Mwalimu alimsikiliza, akavua miwani, akaivaa tena. "Sema," alimwambia. Miska akasimama mbele ya wenzake, akasema kwamba mpangilio ule aliupotosha kwa makusudi, kwamba nafasi ya kwanza ilikuwa haki ya Ryan, na kwamba anaomba radhi kwao wote. Kisha akaibandua karatasi ubaoni na kuisoma ile aliyoiandika mwanzo, bila kuruka sababu hata moja.

Wengine waliguna. Mmoja alimzomea, Mwalimu akamnyamazisha kwa jicho. Ghalia ndiye aliyesimama kwanza. Hakumtazama Miska. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya Ryan.

"Yule kijana wa mkono wa chuma bado unamtoa?"

"Nilishambadilisha jana," Ryan alisema. Aliona uso wa Ghalia ukianguka, akajikuna kichwa. "Pole. Lakini kuna huyu wa pili wake. Si mbaya, anajitahidi."

Ghalia alimsoma yule mrushaji namba kwa namba, kidole juu ya kioo, safari hii asimuulize mtu. Akaomba warushaji wawili badala ya mmoja. Ryan akakataa. Ghalia akatishia kuondoka. Ryan akamwita arudi. Wakakubaliana wawili kwa mpigaji mmoja, dakika chache kabla ya kengele.

Ndipo Ghalia alipogeuka. Macho bado yalikuwa mekundu, lakini alisogeza kiti kando yake kidogo.

"Njoo utazame," alimwambia Miska. "Sasa mimi wa ngapi?"

Miska alikaa. Alijua jibu moja tamu lingemrudishia rafiki yake saa ile ile. Alisoma takwimu za warushaji wapya, akasoma za timu nyingine, akarudia. Watoto wawili watatu walikuwa wamesimama nyuma yao.

"Wa nne," Ghalia alimsaidia. "Au siyo?"

"Wa tano," Miska alisema.

"Hata wa nne sifiki?"

"Wa tano, Ghalia. Ukimweka aliye bora kati ya hawa warushaji wapya kuanzisha mechi, utakaribia wa nne. Leo bado."

Ghalia akaitikia kwa kichwa, akamsogeza mrushaji huyo hadi juu ya orodha yake. "Basi wa tano," alisema. "Hilo ndilo nitakalomwambia baba."

Kengele ililia na mlango wa kubadilishana ukafungwa. Mwalimu Hemant, aliyekuwa nyuma yao muda wote mikono mfukoni, hakuwaacha watawanyike.

"Ngojeni," alisema. "Wanangu, sifa ya uongo haina kazi. Mwenye kupewa hulala akiiamini, na paa linavuja juu yake. Miska alimpenda rafiki yake Jumanne, akamdanganya. Leo amempenda vile vile, akamwambia kweli, na ni leo tu ndipo Ghalia amepata warushaji. Ukimpenda mtu, mwambie panapovuja wakati ngazi bado ipo. Na wewe unayeambiwa, usimchukie aliyekuonyesha. Haya, zimeni kompyuta."

Wakazima. Nje mvua ilikuwa imeanza, na kituoni basi lilikuwa limejaa. Lilipofika la pili, Ghalia alipanda kwanza, akakaa, akaondoa begi lake kwenye kiti cha pembeni ili Miska apate pa kukaa.